Njano kwa njano: nilivyofunga redio ya gari kwa kufuata rangi

Nilikaa kwenye kiti cha dereva dakika kumi nzima nikibonyeza kitufe cha kuwashia, na redio mpya haikutoa hata mwanga wa kupepesa. Dashibodi ilikuwa wazi, matumbo nje, vipande vya plastiki nimevipanga kiti cha nyuma kwa mfuatano niliovitoa. Nilikuwa nimeunga njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kibandiko kilichokuwa juu ya redio kilieleza kazi ya kila rangi, nami nikaona hakuna zaidi ya hapo: kila rangi ikutane na mwenzake. Redio ilipokataa kuwaka nikaamua kwamba nimeuziwa mbovu.

Nikaichomoa, nikairudisha. Muuzaji hakubishana. Aliiweka mezani, akagusisha nyaya tatu kwenye betri, na kioo kikawaka palepale. Akaniambia kwa upole, "Redio ni nzima. Shida iko garini." Nilirudi nayo nyumbani kimya, nikijua sasa kwamba kosa ni langu lakini sijui ni lipi.

Gari lenyewe ni Toyota ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Redio iliyokuja nayo haikuwa na ubovu wowote, ila iliandika Kijapani tu, na FM yake ilianzia megahezi 76 ikaishia 90. Sehemu kubwa ya dunia hutumia 87.5 hadi 108, kwa hiyo karibu kila stesheni niliyoitaka ilikuwa juu ya mahali redio ile inapoweza kufika. Nilishawahi kufunga kile kidude cha kushusha masafa kwenye waya wa antena. Kinasaidia, lakini namba unayoiona kwenye kioo haifanani na namba ya stesheni, na sauti hubaki na mchakacho kama mvua ya mbali. Nilitaka redio yenye Bluetooth, yenye masafa kamili, inayoandika lugha ninayoisoma.

Jioni ile nikampigia mjomba wangu, ambaye kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa umeme wa magari.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mjomba. Redio imeimba?"

Nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Umepima?"

"Nimefuata rangi."

"Rangi za nani? Za redio au za gari?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ni lugha mbili tofauti. Watengenezaji wa redio za kununua dukani wamezoeana kwa miaka na rangi zao karibu zote zinafanana: njano ni umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, nyekundu ni umeme unaokuja ukigeuza ufunguo, nyeusi ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, bluu ni ya antena, rangi ya chungwa ni ya taa za dashibodi. Spika ni jozi nne: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila rangi ina pacha wake mwenye mstari mweusi ambaye ndiye hasi. Gari, lakini, lina rangi zake alizozichagua aliyelitengeneza, na hajali redio yako inasema nini.

Mjomba akaniambia nitafute mita, hata ile ndogo kabisa ya mkononi, nisiunge chochote mpaka kila waya umeniambia wenyewe kazi yake. Hayo ndiyo maneno yaliyobadilisha kazi nzima, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza kwa kirefu hapa.

Kesho yake asubuhi nikafungua dashibodi mara ya pili. Mara hii nilikuwa nimeshajua zilipo klipu, sikuvunja kitu. Mara ya kwanza nilivunja moja kwa sababu niliingiza bisibisi bapa na kuikunja kama mtu anayefungua kopo. Plastiki ya dashibodi haipendi kukunjwa, inapenda kuvutwa moja kwa moja kuja kwako, kidole kimoja kila upande, na ikiwa asubuhi ni ya baridi acha gari lipate jua kwanza ili plastiki ilainike. Kile kitufe cha taa za tahadhari kina plagi yake nyuma. Ukivuta fremu kwa pupa unaing'oa na waya wake.

Mita nikaiweka kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, ncha nyeusi nikaibana kwenye chuma kitupu cha bodi, na ncha nyekundu nikaanza kuipitisha kwenye matundu ya plagi mbili za gari, moja ya matundu kumi, nyingine ya sita. Ufunguo ukiwa umetolewa, waya mmoja tu ulisoma 12.4. Ulikuwa wa bluu wenye mstari wa njano. Huyo ndiye umeme wa kudumu. Nikageuza ufunguo hatua moja, na wa kijivu, uliokuwa sifuri, ukapanda mpaka 12.3. Huyo ndiye wa ufunguo. Nikawasha taa ndogo za mbele, na wa kijani ukaamka. Taa za dashibodi. Kisha nikachomoa ufunguo, nikaigeuza mita ipime ukinzani, nikagusa wa kahawia na bodi: karibu sifuri. Ethi.

Nikakaa nikaangalia karatasi niliyokuwa nimeandika. Wa njano wa gari langu haukuwa na umeme wowote, ulikuwa ni hasi wa spika ya nyuma kushoto. Mweusi, niliouunga nikidhani ni ethi, ulikuwa ni chanya wa spika hiyohiyo. Nyekundu ilikwenda spika ya nyuma kulia. Yaani redio yangu ilikuwa imeshikishwa kwenye koili za spika mbili ikisubiri umeme ambao usingekuja milele. Mpangilio huu wa rangi ndio wa Toyota nyingi, niligundua baadaye. Haukuwa umefichwa, mimi ndiye sikuuliza.

Lakini kilichonitoa jasho ni wa kijivu. Kwenye redio, kijivu ni spika ya mbele kulia. Kwenye gari, kijivu ni volti 12. Laiti ningeendelea siku ile ya kwanza, nikaunga kijivu kwa kijivu kabla ya kujaribu kuwasha, ningepeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye kinywa cha kikuza sauti cha redio. Na kijani kadhalika: kingekaa salama mchana kutwa, kisha usiku wa kwanza nikiwasha taa, redio inakufa nami ninatafuta sababu pengine kabisa. Redio yangu iliokolewa na uvivu tu, kwamba nilitaka kuona kioo kikiwaka kabla ya kuhangaika na spika.

Spika nazo zina namna yake ya kuulizwa, na ni kazi tamu kuliko zote. Unachukua betri ndogo ya tochi, ile ya volti 1.5, na kuigusisha kwa nukta moja tu kwenye waya mbili unazozishuku. Spika husika inatoa sauti fupi, "pu", na unajua ni ya mlango gani. Ukiwa umetoa kitambaa cha spika na unaiona karatasi yake, utaona pia upande: ikisukumwa nje, chanya ya betri imegusa chanya ya spika, ikivutwa ndani, umegeuza. Hili la kugeuza watu hulipuuza kwa sababu spika inaimba vilevile. Ila ukigeuza moja na nyingine ukaiacha sawa, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi inapotea kabisa. Nimekutana na magari mawili ambayo wenyewe walishafika hatua ya kutafuta spika mpya, na dawa ikawa kubadilishana waya mbili.

Jambo jingine kuhusu spika: hasi yake si ethi. Magari ya zamani sana yaliunganisha hasi za spika kwenye bodi, na bado wako wanaofanya hivyo ili kupunguza nyaya. Redio za leo zinaisukuma spika kutoka pande zote mbili, kila waya una volti zake, na ukiutia mmoja kwenye bodi umeupiga shoti. Redio nzuri hujizima kujilinda, nyingine haifanyi hivyo.

Kuna mahali pamoja tu nyuma ya dashibodi ambapo rangi huitii bila kuuliza. Plagi au nyaya zilizovikwa ganda la njano ni za mifuko ya hewa. Hizo usizichomoe, usizitoboe, na hasa usiziwekee mita. Mkondo mdogo wa mita unapopima ukinzani unaweza kutosha kulipua mfuko usoni mwako. Mjomba aliponiambia hilo sauti yake ilibadilika. Niliiheshimu.

Baada ya kupima kila kitu ndipo nikachomoa betri, waya wa hasi kwanza, na nikasubiri dakika kadhaa ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa uishe. Hasi kwanza kwa sababu spana ikikuteleza ukiwa kwenye chanya, na hasi bado imefungwa, spana ikagusa bodi, cheche yake si ya mchezo. Wakati wa kurudisha, hasi ndiyo ya mwisho.

Hapa nikafanya kosa la pili, na hili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, kwa haraka tu. Zipo plagi za kati, upande mmoja umbo la redio, upande mwingine umbo la gari lako, huhitaji kukata waya hata mmoja wa gari. Sikuwa nayo siku ile na sikutaka kusubiri. Nikakata plagi za gari, nikasokota shaba kwa shaba, nikazungushia tepu nyeusi. Iliimba. Niliendesha na muziki wiki tano hivi, kisha spika ya kulia ikaanza kukatika kwenye barabara mbovu na kurudi kwenye lami. Nilipofungua nikakuta gundi ya tepu imeyeyuka kwa joto la dashibodi, imekuwa kama asali, tepu zimefunguka zenyewe, na shaba mbili tupu ziko umbali wa punje ya mchele. Moja ilikuwa ya umeme wa kudumu, ile isiyozimika hata gari likilala.

Nikachomoa betri siku hiyohiyo. Nikaagiza plagi ya kati, nikarudishia plagi za gari nilizozikata, kila kiungo nikakilehemu kwa risasi na kukivika ule mpira mwembamba unaosinyaa ukiupasha moto. Wapo mafundi wanaopendelea vibano vya shaba badala ya risasi kwa sababu gari linatikisika na risasi hufanya waya uwe mkavu pembeni mwa kiungo. Wana hoja. Vyote viwili vinafaa ukivifanya kwa utulivu na kufunga fungu zima la nyaya lisiningʼinie. Kusokota na tepu hakufai, na mtu akikuambia amefanya hivyo miaka yote, muulize ameshawahi kurudi kuyafungua magari hayo.

Upimaji wa nafasi nao una hesabu yake. Redio hizi zinafuata kipimo kilichoanzia Ujerumani, DIN: tundu la milimita 180 kwa 50 kwa redio nyembamba, na 180 kwa 100 kwa ile ya kioo kikubwa. Toyota, na magari mengine ya Kijapani, mara nyingi wana tundu la milimita 200 kwa upana. Redio ya kawaida ikiingia humo inabaki na mwanya wa milimita kumi kila upande, na kinachohitajika ni fremu ndogo za plastiki za kuziba, au redio iliyotengenezwa kwa upana huo. Pima kabla ya kununua, na upime na kina pia, kwa sababu nyuma ya redio kuna fungu la nyaya na mirija ya hewa ambayo haitakupisha. Vibao vya chuma vya pembeni vitoe kwenye redio ya zamani uvifunge kwenye mpya, na utumie skrubu fupi zilizokuja na redio. Nilikaribia kutumia zangu ndefu kidogo. Skrubu ndefu inapita ukuta wa redio na kwenda kugusa bodi ya saketi ndani, na hutasikia kitu mpaka uwashe.

Kwenye kasha la redio yangu paliandikwa wati 50 mara nne. Namba hiyo inatoka wapi? Volti 14.4 za gari linalonguruma, zidisha kwa zenyewe, gawanya kwa omu 4 za ukinzani wa spika: unapata karibu wati 52. Ni kilele ambacho redio ingefikia kama ingetoa volti zote bila kupumzika, sauti ikiwa imekatwakatwa haisikiliziki. Muziki safi unapata wati kama 20 kwa kila spika, na zinatosha kabisa kwa gari dogo. Nilipobadilisha spika mbili za milango ya mbele baadaye, tofauti niliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko ile ya kubadilisha redio. Ningeshauriwa mapema ningeanza na hizo.

Halafu kulikuwa na mluzi kwenye spika. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka, unafuata injini kama kivuli. Nilikuwa nimefunga ethi ya redio kwenye boliti ya kibao cha chuma, iliyokuwa na rangi chini yake, kwa sababu baada ya yaliyonipata sikuuamini waya wa kahawia hata mita iliponiambia niuamini. Nikauhamishia kwenye kahawia. Mluzi ukakoma.

Waya mwembamba wa handibreki sijautaja kwa makusudi mpaka sasa. Redio za kioo huwa nao, na kazi yake ni kuzuia video isionekane mpaka gari liwe limesimama na handibreki imevutwa. Karibu kila mtu hukuambia uutie kwenye ethi moja kwa moja ili video ionekane wakati wote. Mimi niliupeleka kwenye swichi ya handibreki, ulikotakiwa, na nikapoteza nusu saa kuupitisha chini ya zulia. Dereva anayetazama picha haoni barabara, na abiria wangu wa mara kwa mara ni watoto wa dada yangu.

Tangu hapo nimeitwa kwenye magari kadhaa ya ndugu na majirani. Jirani mmoja redio yake ilikuwa inasahau kila kitu, saa, stesheni, simu zilizounganishwa, kila akizima gari. Lilikuwa gari la Kijerumani lenye plagi ya mfumo wa ISO, ule wa vipimo vya kimataifa, ambayo kwa umbo iliingia sawasawa, lakini kwenye baadhi ya magari hayo umeme wa kudumu na ule wa ufunguo vimebadilishana matundu. Nikabadilisha nyekundu na njano, ikakumbuka. Mwingine alikuwa na betri inayokufa kila akiliacha gari siku mbili tatu. Aliyemfungia alikuwa amefunga nyekundu na njano pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio haikulala hata siku moja. Nilipopima mkondo gari likiwa limezimwa nikakuta nusu ampea. Betri yake ilikuwa ya ampea-saa 35: saa sabini mpaka tone la mwisho, na injini inakataa kuwaka mapema sana kabla ya hapo. Gari lililolala vizuri hunywa chini ya miliampea 50 hivi.

Kwangu mwenyewe, siku niliporudia viungo, nilizungushia kila waya kipande cha tepu ya karatasi na kuandika kazi yake kwa kalamu. Nilikuwa ninamfikiria atakayefungua dashibodi hiyo baada yangu, asiyenijua. Miaka miwili baadaye nikafungua mwenyewe ili niunge kamera ya kurudi nyuma. Vumbi limejaa, karatasi zimegeuka rangi ya chai, lakini maandishi yanasomeka. Nikashika iliyoandikwa "kijivu, ufunguo". Nikabana ncha nyeusi kwenye bodi, nikagusisha nyekundu, nikageuza ufunguo hatua moja.

12.3.